Mkono Ulioshika Kopo

Majengo, Nyeri
14 Januari 2025

Mama Ngendo mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na mumeo Mzee Wamae. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo baridi ya mwezi huu imelizeesha kabla yangu. Safa amejifungua mtoto wa pili, wa kiume. Wamemwita Usman.

Nakuandikia kwa karatasi kama zamani, tulipokuwa tukitumiana madaftari ya kazi kwenye lori la Muchiri la kabeji. Simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani, na haya si ya kila mtu. Muchiri nimemwambia bahasha aitie mkononi mwako, asimwachie hata mama mkwe wako.

Beth, nimekasirika. Nimeswali, nimekaa, nimekunywa maji, na bado nimekasirika.

Jumuiya yetu ya Utafiti wa Tumbaku inatimiza miaka kumi na tano na inatoa kitabu cha historia yake. Unajua bado nawapikia chai siku za mikutano. Wiki jana karani akanipa nakala ambayo haijachapishwa, niangalie majina ya akina mama waliopika, ati wasimsahau mtu. Mimi nikavaa miwani nikasoma kitabu chote, kurasa arobaini.

Nitakuandikia jinsi ninavyokumbuka mimi, nawe unisahihishe nikikosea.

Mwanzo walikuwa watu sita katika chumba cha nyuma cha kliniki ya Daktari Theuri. Viti hawakuwa navyo. Mabenchi niliyabeba mimi kutoka madrasa, kwa ruhusa ya Maalim Hafiz, kwa hiyo sayansi yao ilianza ikikalia mabenchi ya watoto wa Kurani. Hilo kitabuni halimo, na silidai. Kisha wakaenda Karatina sokoni na fomu za maswali, wakawauliza akina nyanya wanaouza viazi na nduma: kwa siku unanusa ugoro mara ngapi? Nyanya wakajibu tatu, nne. Wakatemeshwa mate kwenye vichupa, vichupa vikaenda maabara Nairobi, majibu yakarudi na nikotini ya mtu anayenusa mara kumi na tano.

Mikutano miwili walibishana. Mmoja akasema mashine ni mbovu. Mwingine akasema wanawake wa soko ni waongo. Wewe ulikuwa umeajiriwa kubeba vichupa tu, na ulikuwa umesimama mlangoni na kapu lako. Ukasema, nakumbuka neno kwa neno: "Daktari, hawadanganyi. Wanahesabu ugoro wa kopo lao tu. Ule unaopewa na mwenzako ni salamu, na hakuna mtu anayehesabu salamu."

Daktari akaomba kalamu, akaandika.

Baada ya hapo ulikaa na nyanya wale kwa miaka miwili, siku tatu kila wiki, ukihesabu kila mnuso, wa kopo na wa kupewa. Mimi kando yako na daftari. Wanawake thelathini na sita. Hesabu ile ndiyo wanayotembea nayo mpaka ng'ambo.

Sasa sikia ukurasa wa sita: "Mwaka 2010, Dkt. Hezekiah Theuri aligundua kwamba minuso ya kupewa haikuwa ikihesabiwa." Aligundua. Kama mtu aliyeokota.

Na ukurasa wa tisa kuna picha, ile tuliyopigwa Karatina karibu na magunia ya viazi. Mimi nimo, na chini yake wameandika "Bi. Waridi, mpishi." Wewe umekatwa. Limebaki kopo la ugoro, na mkono umelishika. Mkono ni wako, naujua kwa kovu la jembe. Wameacha mkono wakamwondoa mtu.

Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe kumi Machi. Nataka kumwandikia Daktari. Niambie nimwambie nini.

Ndugu yako,
Waridi, Mama Safa


Endarasha
22 Januari 2025

Mama Safa,

Barua nimepata. Hongera kwa Usman, Mungu amkuze. Kiswahili changu unakijua, usicheke.

Huku baridi imeunguza viazi shamba lote la chini. Tunangoja mvua ya Machi tupande tena. Mzee Wamae yuko sawa, anakusalimia. Mama mkwe pia, amefika miaka themanini na nane na bado anaamrisha. Kanisani wamenichagua tena mwenyekiti wa akina mama. Nilikataa, wakasema hakuna mwingine, ati mimi ndiye mfano wao. Sasa kila Alhamisi niko mbele nikiongoza maombi.

Hiyo mambo ya kitabu, wachana nayo. Ni zamani. Mimi ni mtu wa kabeji, jina langu kwa kitabu litanipikia nini? Uliyoandika yote ni sawa, hukukosea mahali. Lakini usimwandikie Daktari. Nakuomba kama dada. Na hiyo picha ni vizuri walivyoikata.

Nakutumia mfuko wa viazi vidogo, vile vya kukaanga na maganda.

Ni mimi,
Beth Watiri


Majengo, Nyeri
27 Januari 2025

Kwa Dkt. Hezekiah Theuri,
Katibu wa Jumuiya

Daktari, shikamoo.

Nimesoma kitabu. Majina ya waliopika yako sawa. Ila moja si sawa, nalo ni kubwa kuliko chai.

Beth Watiri hayumo. Hayumo kwenye ukurasa wa sita alikosema lile jambo akiwa mlangoni. Hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, ambako hata aliyelinda geti yumo. Kwenye picha umebaki mkono wake peke yake, kama wa mwizi.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili, sayansi zenu sizijui. Lakini naijua kweli, na siku ile nilikuwepo nimeshika chupa ya chai. Nilikuwepo pia siku ile nyingine, ambayo haimo kitabuni kabisa. Beth alirudi kutoka Karatina akakueleza kwamba nyanya hawamtaki, kwamba huwezi kukaa na wazee wa Kikuyu ukatae ugoro wao kisha ukatoa daftari uwahesabu. Wanakuona mpelelezi. Ukamwambia: "Basi pokea, Beth. Kidogo hakidhuru. Ni kazi." Daktari wa tumbaku, katika chama cha kuchunguza madhara ya tumbaku, ulimwambia mama wa watu kwamba kidogo hakidhuru. Nilisikia kwa masikio haya.

Akapokea miaka miwili. Sikumbuki mtu aliyemwuliza baadaye aliachaje, au kama aliacha. Hata mimi sikumwuliza.

Namheshimu Daktari, na miaka yote hii sijawahi kukuinulia sauti. Rudisheni jina lake.

Waridi Hafiz


Nyeri
5 Februari 2025

Bi. Waridi,

Asante kwa barua yako na kwa huduma yako ya miaka mingi kwa Jumuiya.

Nimeona nikujibu mwenyewe, kwa kuwa suala lenyewe linahitaji uangalifu. Jina la Bi. Beth Watiri halikuachwa kwa kusahau. Mnamo Agosti 2012 yeye mwenyewe aliomba, kwa maandishi yenye saini yake, asitajwe katika kumbukumbu, ripoti wala picha yoyote ya Jumuiya. Karatasi hiyo imo katika faili letu. Maadili ya utafiti yanatulazimu kuheshimu ombi la mtu, hata pale marafiki zake wanapoona vinginevyo.

Kuhusu maneno unayodai niliyasema, miaka kumi na tano ni mingi na kumbukumbu za binadamu huchanganyika. Wasaidizi wetu wote walishauriwa wasitumie tumbaku wakati wa kazi.

Nakusihi jambo hili ulizungumze na Bi. Beth kabla ya kuendelea. Unaweza kumsumbua bila kujua.

Wako,
Dkt. H. Theuri


Majengo, Nyeri
8 Februari 2025

Beth,

Leo sianzi na salamu, nisamehe.

Nilimwandikia Daktari. Ulinikataza nikaandika, hilo ni kosa langu na nalikiri. Amenijibu kwamba wewe mwenyewe ulitia saini uondolewe. Agosti, mwaka wa kumi na mbili. Nilisoma nikakaa kitini na uma mkononi, mchuzi ukaungua. Mimi hapa nimejipigia ngoma ya vita, kumbe niliyempigania alishauza uwanja bila kuniambia. Miaka kumi na miwili, Beth. Tumezika wazee pamoja, tumeozesha watoto pamoja, na hilo ukalifunga kifuani.

Nilikasirika nawe siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaichukua tena ile barua yako ya viazi niisome vizuri. Nikaileta karibu na uso, maana miwani nilikuwa nimeiacha kwa Safa. Ikaninukia.

Sikutaka kuamini harufu yenyewe. Nilikaa miaka miwili kando ya nyanya wa Karatina, harufu hiyo naijua kuliko marashi yangu. Ugoro na magadi. Na pembeni ya karatasi kuna alama ya kidole, ya kahawia.

Bado unanusa, Mama Ngendo?

Kabla hujajibu, nina langu ambalo sijawahi kukwambia. Daktari hakuanza na wewe. Aliniuliza mimi kwanza, jikoni. Akasema, "Waridi, wewe unaelewana na watu, kaa na nyanya, wakikupa ugoro upokee." Nikasema dini yangu hainiruhusu. Ilikuwa kweli, na nashukuru nilikuwa na mlango wa kutokea. Lakini sikuishia hapo. Nikasema, "Muulize Beth, yeye ataweza." Nilikuelekeza kwa kidole, kama mtu anayeonyesha njia ya choo. Kisha nikakaa kando yako miaka miwili na daftari safi, nikiandika kila mnuso ulioingia puani mwako pamoja na ile ya wengine, na Ijumaa nikienda kuswali nikiwa na wudhuu wangu.

Kwa hiyo hasira niliyompelekea Daktari, kipande chake ni changu. Ningeanza na hicho.

Niandikie. Hata kama ni kunitukana, andika.

Waridi


Endarasha
17 Februari 2025

Mama Safa,

Nimechukua siku nyingi. Si hasira. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa peke yangu niandike, na hii boma haina mahali hiyo. Nimeandikia kwa stoo ya mbegu ya viazi. Hapo ndipo kopo inakaa pia, nyuma ya gunia la tatu. Sasa unajua.

Hiyo ya kunionyesha kwa kidole, niliijua. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikingoja kikombe. Niliona ni heshima, ati Waridi ameona naweza kitu. Kwa hivyo hiyo toa kwa roho yako, umeibeba bure.

Sikia vile ilikuwa. Kazi ilipoisha mwaka wa kumi na mbili, nilirudi nyumbani nikidhani ugoro umeisha na kazi. Wiki ya kwanza kichwa kikauma, nikampigia Ngendo kelele mpaka akalala kwa shangazi yake. Wiki ya pili nikajikuta kwa duka la ugoro hapa Endarasha nikisema ni wa mama mkwe. Nikashtuka. Nikasema mimi niko na bahati, nafanya kazi na watu ambao wanajua hii kitu kuliko wote nchi hii. Nitaenda waniponye.

Nikaenda kwa Daktari. Nikamwambia, "Daktari, ule kidogo umenishika." Alifunga mlango. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema kwa upole kwamba hesabu yetu imekubaliwa na wazungu mwezi huo huo, na ikijulikana aliyehesabu alikuwa anatumia, watasema hesabu ni chafu na kazi yote ya kila mtu itatupwa. Akasema, "Unataka nyanya wale thelathini na sita wawe wametema mate bure?" Kisha akaniwekea karatasi. Nitie saini kwamba sitaki jina, nao watanisaidia pole pole bila mtu kujua. Nikatia. Wewe ulikuwa Mombasa kwa arusi ya jamaa yako Sumayya.

Msaada ulikuwa pakiti moja ya chingamu, ile ya nikotini ya kuachisha ugoro. Ilipoisha nikarudi, karani akasema programu ya kusaidia watu kuacha tumbaku haijaanza. Nikarudi tena mwaka wa kumi na tatu. Programu ilikuwa imeanza, bango liko nje na picha ya mapafu, lakini Daktari alikuwa mkutanoni ng'ambo, akieleza hesabu yangu. Sikurudi tena.

Ndio maana sikukwambia. Ningekwambia nini? Ati nilihesabu wagonjwa mpaka nikawa mgonjwa? Na hapa mimi ni mwenyekiti, mfano wa akina mama. Alhamisi mbili zilizopita niliombea kijana wa Mama Mathenge aache sigara, nikamwekelea mkono kichwani, na kidole kilikuwa kinanuka.

Usinihurumie sana. Sinusi kama wale wa sokoni. Nachukua mara nne kwa siku, basi.

Beth


Majengo, Nyeri
21 Februari 2025

Mama Ngendo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatoka nje nikatembea mpaka posta na kurudi, kwa sababu nikikaa ningevunja kitu. Chingamu. Pakiti moja, kwa miaka miwili ya pua yako. Na bango la mapafu nje. Chai yao sipiki tena. Nimewarudishia funguo, karani akadhani nimepata kazi pengine.

Daktari sitamwandikia. Nilimwandikia bila idhini yako mara moja, sirudii. Jina ni lako, saini ni yako, na la kanisani ni lako. Ukitaka tulinyamazie, nitanyamaza, na nitakuja Endarasha tule viazi.

Nakuuliza moja tu. Nne ni za kopo lako. Wewe ndiye uliyewafundisha madaktari sita, na kapu la vichupa mkononi. Na za kupewa je?

Ramadhani inaanza wiki ijayo. Nitakuombea kila nikifuturu.

Waridi


Endarasha
4 Machi 2025

Kwa Daktari Theuri.
Nakala nyingine nimempa Mama Safa, Majengo. Hii yako imeletwa na Muchiri. Nimemwambia utie saini umepokea, kwa sababu saini unaijua kazi yake.

Daktari, mimi ni Beth Watiri Wamae wa Endarasha. Ile karatasi ya Agosti 2012 naiondoa. Sikuiandika mimi, iliandikwa nikaletewa. Nilitia saini kwa sababu ulifunga mlango na niliogopa, na kwa sababu uliniahidi msaada.

Waridi aliniuliza swali, nikakaa nalo. Siku ya pili nikachukua daftari ya shule ya mjukuu, nikapiga mstari katikati kama tulivyofanya Karatina. Upande huu wa kopo, upande huu wa kupewa. Nikajihesabu siku saba.

Kabla ya hapo nilidhani ni nne. Nilikuwa nimemwambia Waridi nne, na sikuwa nadanganya. Kumbe mama mkwe ananipa asubuhi nikimpelekea uji, na mchana, na jioni. Nyanya wawili kisimani, kila nikichota maji. Yule wa kuuza maziwa. Na Alhamisi zote za nyuma, akina mama watatu baada ya maombi, Daktari, nyuma ya kanisa, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Mimi niliyewaambia nyinyi jambo hilo niliishi ndani yake miaka kumi na mbili bila kuliona.

Alhamisi iliyopita sikuongoza maombi. Nilisimama nikawaambia akina mama kila kitu. Nilikuwa nimebeba barua ya kuacha uenyekiti. Hakuna aliyeichukua. Mmoja alianza kulia, akafungua mkoba, akaweka kopo lake juu ya meza. Kisha mwingine. Yalifika tisa. Sijui kama tutaweza, lakini sasa tunahesabu pamoja, na tunataka mtu wa programu yenu aje hapa Endarasha kila wiki. Programu ambayo iko kwa bango. Si kwa siri na si chingamu moja.

Mzee Wamae nilimwambia usiku huo huo. Akasema, "Nilijua tangu mwaka wa kumi na tatu. Unafikiri ni nani huwa anafunika kopo ukiliacha wazi?"

Ulisema hesabu itakuwa chafu. Tazama madaftari ya Waridi. Mimi niliandikwa humo pamoja na wengine, safu ya thelathini na saba, kila siku, kwa mkono wake. Wewe ndiye uliyekata safu hiyo, kama ulivyokata picha. Hesabu ilikuwa safi.

Kitabu kinachapishwa tarehe kumi. Siku sita zinatosha. Ukurasa wa sita uandike nilichosema na uliponiambia nipokee. Ukurasa wa tisa urudishe picha nzima. Ukikataa, tutawasomea akina mama wa Karatina barua hii sokoni, Waridi na mimi, siku ya soko, mbele ya viazi.

Na kwa kuwa nyinyi hupenda kuanza na takwimu, andikeni hii, ya siku ya kwanza niliyojihesabu, Jumatatu, tarehe ishirini na nne Februari:

Za kopo langu, nne.
Za kupewa, kumi na moja.
Jumla, kumi na tano.

Jina: Beth Watiri Wamae.